Sikupiga magoti, simu ilianguka

Kwanza kabisa, sikupiga magoti. Naanza hapo kwa sababu najua mmeshapata habari kutoka kwa yule chalii wangu, eti nilipiga magoti katikati ya Coaster, nikashika kanga ya mama wa watu na kuomba msamaha huku nabubujikwa na machozi. Simu ilianguka chini ya kiti, nikainama kuitafuta. Ukiinama ndani ya Coaster iliyojaa, magoti yanakwenda yenyewe. Machozi lilikuwa vumbi. Mengine yote aliyowasimulia, aisee, ni kweli.

Kwa wale wawili watatu ambao bado hawajacheka: kuna kikundi cha WhatsApp kilichofunguliwa kwa ajili ya matangazo ya biashara, Moshi na Arusha. Nafasi zote 1,024 zimejaa na sijawahi kuona mtu ameuza hata ndoo. Tunabishana tu, usiku na mchana, watu tusiojuana. Mimi ninauza kava, protekta na chaja karibu na stendi ya Moshi, nikajiunga nikitafuta wateja. Nikapata adui.

Adui hakuwa na jina. Alikuwa namba tu, na picha ya simba dume amelala kwenye nyasi. Mimi ni mtu wa Yanga, sikuhitaji maelezo zaidi.

Ugomvi ulianzia kwenye bando. Niliandika kwa uchungu kwamba nimenunua GB 1 saa mbili usiku, nikalala, nimeamka nimebakiwa na MB 40, sasa nauliza, nilikuwa naota kwa video? Mjue kwamba kwenye suala la bando mimi ni mkongwe. Aprili 2021 bei zilipopandishwa nchi nzima ikapiga kelele mpaka zikasitishwa, nilikuwa mstari wa mbele. Kwa kuandika, lakini mstari wa mbele. Basi watu wakaniunga mkono, tumeibiwa, tumeibiwa, na vijisura vya kulia kama mia. Simba akajibu mstari mmoja:

"Hujaibiwa. Simu yako inapakua vitu usiku. Kaangalie."

Nukta mwishoni. Mtu anayeweka nukta kwenye WhatsApp huyo anakudharau. Tena ananiambia mimi nikaangalie simu, mimi ambaye pale stendi naitwa fundi! (Sijawahi kufungua simu hata moja. Nabandika protekta. Lakini naitwa fundi.)

Tukagombana wiki tatu. Nikamwambia hao wa mitandao wanajali wageni tu, kule Horombo, kambi ya wapanda Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya bahari, wameweka intaneti ya kasi tangu 2022, wazungu wanapiga video wakiwa wamevaa soksi tatu, na mimi hapa mtaani Pasua, Moshi, nasimama juu ya stuli kutafuta mtandao. Akaniambia nishuke kwenye stuli. Kutoka hapo tukaingia kwenye tozo za miamala za 2021, nani alizitetea na nani leo anajifanya alizipinga. Kutoka tozo, gesi na mkaa. Kutoka mkaa tukafika kwenye mtori, ile supu yetu ya ndizi, na hapo ndipo alipoandika kwamba mtori uliosagwa kwa blenda si mtori.

Mama yangu anatumia blenda. Hapo likawa jambo la ukoo.

Sasa, Jumamosi. Nimevaa jezi yangu ya kijani, natoka Moshi kwenda Arusha kuchukua mzigo, chalii yuko pembeni yangu dirishani. Coaster imeshiba mpaka vile viti vya kukunja vya katikati. Tumepita Bomang'ombe, tuko karibu na njia panda ya KIA, simu inatetemeka. Simba:

"Anayesaga mtori kwa blenda ndiye huyohuyo anayelala data ikiwa imewashwa."

Nukta.

Ndugu zangu, kuandika hakukutosha. Nikabonyeza kile kipaza sauti, nikaziba mdomo kwa kiganja ili abiria wasisikie, nikanong'ona kwa hasira. Kunong'ona kwa hasira kunatoa sauti kama ya nyoka mwenye mafua. Nikasema hivi, na naandika hapa kwa sababu chalii amewaongezea matusi ambayo sikuyatoa (kolo ndivyo sisi wa Yanga tunavyomwita mtu wa Simba):

"Sikiliza wewe kolo. Huna adabu. Mtu kama wewe najua unatumia kitochi, halafu unanifundisha mimi data. Kama teknolojia imekushinda muulize mjukuu wako. Mtori wa mama yangu uuache kama ulivyo. Na zile tano za tarehe 5 Novemba bado tunazihesabu, moja, mbili, tatu..."

Nikahesabu mpaka tano. Kwa madaha. Dakika 1 na nusu. Nikaachia kidole, ikaenda. Nikamgonga chalii begani: nimemmaliza.

Pakapita muda wa kama kumeza mate mara mbili. Halafu viti vinne mbele yangu nikasikia: "Sikiliza wewe kolo."

Wazo la kwanza, naapa, lilikuwa la furaha. Nikasema moyoni, kumbe humu kuna mwanakikundi mwenzetu. Wazo la pili lilikuja taratibu, kutoka miguuni. Nikanyoosha shingo. Nikaona kilemba cha kitenge. Chini ya kilemba, mvi. Pembeni ya mvi, mkono umeinua simu kama mtu anayejitazama kwenye kioo, simu kubwa kuliko yangu, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, kwa sababu mwenyewe hasikii vizuri. Umri wa bibi yangu mzaa mama.

"Huna adabu," sauti yangu ikamwambia.

Konda akapunguza redio. Kumbukeni hilo, konda wa Moshi kupunguza redio kwa hiari yake! Coaster nzima ikanyamaza, hata yule mtu wa nyuma aliyekuwa na kuku kwenye kapu alimfunika kuku wake. "Kama teknolojia imekushinda muulize mjukuu wako." Mama akasimamisha. Nikadhani yameisha. Akarudisha nyuma. "Sijasikia hapo," akasema, "amesema nimuulize nani?" Abiria watatu wakamjibu kwa pamoja: "Mjukuu wako!"

Akasikiliza mpaka mwisho, na kuhesabu kwangu kote. Moja. Mbili. Mpaka leo nikihesabu chenji nasikia ile sauti.

"Tano za nini?" akamuuliza jirani yake.

Yule baba akalazimika kumweleza, kwa heshima zote, kwamba Yanga ilimfunga Simba tano kwa moja mwaka 2023. "Mpira?" Mpira, mama. "Mimi na mpira wapi na wapi? Simba huyu kapigwa picha na mjukuu wangu, Ngorongoro." Basi zima likaguna kwa huruma. Mmoja akasema kijana huyo hana wazazi. Mwingine akasema anao, ila ndio hao wa blenda.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshuka kwenye kiti mpaka kidevu kinagusa nembo ya jezi. Chalii ameuma kola ya shati, anatetemeka. Konda akaja kudai nauli. "Wewe wa kijani, unashuka wapi?" Siwezi kutoa sauti, sauti yangu yote wameishika. Nikaonyesha mbele kwa kidole. "Usa au Arusha?" Nikatikisa kichwa. Konda akaniangalia. Mama mmoja kiti cha kukunja akasema, "Mwache jamani, ni bubu," akanipa ndizi. Nikaipokea. Nikashukuru kwa macho.

Ningefika salama. Kweli kabisa ningefika salama kama yule mama mbele asingesema maneno matatu: "Ngoja nimpigie huyu."

Hapa inabidi nieleze kitu. Stendi kuna kelele, mlio wa kawaida husikii, kwa hiyo simu yangu inaita kwa sauti ya jogoo. Ipo mfuko wa mbele wa jinzi, jinzi inabana, juu ya mapaja nina begi, juu ya begi nina ndizi. Nikaingiza vidole viwili. Havikufika.

Kokorikoooo.

"Nani kapakia jogoo?" Konda akageuka mkali. "Jogoo analipiwa!" Yule wa kapu akaruka: "Wangu mtetea! Huyu mtetea, njoo umwangalie!" Kokorikoooo. Konda anainama chini ya viti. Mama wa ndizi ameacha kutafuna, anaangalia paja langu, kwa sababu jogoo anawikia pajani mwangu na paja linawaka taa. Nikavuta kwa nguvu, simu ikachomoka kama samaki, na sekunde hiyohiyo dereva akaona tochi ya trafiki mbele na kukanyaga breki.

Simu ikaenda chini. Ikateleza chini ya kiti cha kwanza, cha pili, inawika tu, taa inamulika miguu ya watu. Nikaifuata. Hapo ndipo penye hayo magoti mnayoyasikia. Nilitambaa nikipita kati ya ndoo na mabegi mpaka mkono wangu ukagusa simu, na mbele ya simu palikuwa na kandambili mbili za ngozi zimekaa kwa utulivu. Nikainua kichwa. Alikuwa ananiangalia kutoka juu, simu yake sikioni, bado inaita.

Mtu unaweza kupanga akili vyovyote, lakini malezi yana mdomo wake. Mdomo wangu ukafunguka bila kuniuliza.

"Shikamoo, mama."

Kimya. Ile sauti ya dakika 1 na nusu, live, kutoka sakafuni.

"Marahaba, baba," akasema. Akakata simu, jogoo akanyamaza. "Kumbe ndiyo wewe."

Nyuma kabisa nikasikia mama wa ndizi anapiga ukelele: "Bubu kaongea!"

Yaliyofuata siyasimulii sana. Alinikalisha kwenye kiti cha kukunja pembeni yake, akaomba simu yangu, na kabla hatujafika Tengeru alikuwa ameshanionyesha mwizi wangu: kila picha na kila video inayotumwa na watu 1,023 wa kile kikundi inajipakua yenyewe, nimeruhusu mimi, programu zinajisasisha kwa data ya bando, picha zangu za kava zinapanda kuhifadhiwa mtandaoni usiku. Akazima kimoja kimoja kwa kidole gumba, kama anayemenya maharage. Kumbe alikuwa opereta wa simu, enzi za Posta na Simu ikiwa shirika moja, yeye ndiye aliyekuwa anakuunganisha na Dar es Salaam. "Dakika tatu zikiisha nawakatia," akasema, "na kila mmoja analalamika nimemwibia. Mtu akiongea na mchumba wake dakika tatu anaona sekunde tatu." Akanirudishia simu. "Hiyo sauti yako haijala hata MB moja, usiwe na wasiwasi."

Kuhusu blenda hakurudi nyuma hata hatua moja, na mimi sikuwa katika hali ya kubishana. Konda alinitoza elfu moja ya jogoo. Nililipa.

Jumapili nilikwenda kwenye kikundi nikaandika "Shikamoo mama," ndipo watu elfu moja wakagundua walikuwa wanamwita "we jamaa" mtu wa umri ule. Sasa hivi kile kikundi ni shikamoo mfululizo kuanzia alfajiri. Pale mezani kwangu wateja hawabishi hodi tena, wanawika. Hata jana mtoto wa darasa la pili alikuja kununua chaja, akawika, akalipa, akaondoka.

Bando langu, nakiri, tangu Jumamosi halijaisha.

Na jana usiku mama amenitumia video, inbox, siyo kwenye kikundi. MB 14. Kwa kuwa amenizimia ule upakuaji wa moja kwa moja, haifunguki mpaka niibonyeze. Naona ukungu tu. Kwenye ukungu kuna kitu kama safu za viti, na katikati, chini kabisa, doa la kijani. Sijaibonyeza. Chalii anasema ameshaiona na kwamba mwishoni magoti yanaonekana vizuri.