Spishi Mpya Kutoka Kivukoni

Anayetafuta bakteria wapenda joto hana haja ya kupanda volkano, kwa sababu rundo la mboji lililokolea hufikia nyuzi 60 za Selsiasi kwa kazi ya vijidudu wake wenyewe. Langu lilikuwa Kamanga, upande wa Sengerema, nyumbani kwa shangazi, nalo lilikuwa mchanganyiko wa magugu maji, pumba za mpunga na matumbo ya sangara, ambao harufu yake ilikwisha kumgombanisha na majirani. Msimamizi wangu wa shahada ya uzamili alitaka sampuli ifike maabara, Mwanza mjini, ikiwa bado ya moto, kwa hiyo shangazi akaniazima chupa yake ya chai, akiapa kwamba ameiosha kwa jivu na maji yanayochemka.

Kivukoni niliketi kando ya mzee mmoja aliyeshika kikombe. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaikazia macho chupa ile kama mtu aliyetoka nyumbani kabla ya moto kuwashwa. Nilipogeuka kuangalia Jiwe la Bismarck likikaribia, mzee alikwisha kujimiminia. Lilitoka tope jeusi lenye kufuka mvuke. Alilinusa, akatafakari, akalirudisha lote chupani kwa adabu kubwa, kisha akaninong'oneza: "Mjukuu wangu, aliyekupikia chai hii hakutakii mema."

Maabara tulizimua sampuli, tukaipaka kwenye sahani za agari, rojo ya kuoteshea vijidudu, na kuiweka penye joto la nyuzi 60, hadi ikaota koloni moja, yaani kundi la bakteria, ya rangi ya manjano hafifu. Kwa rangi za Gram, mbinu ambayo Mdenmaki Hans Christian Gram aliitangaza mwaka 1884, vilionekana vijiti vya zambarau. Kisha likaja jibu la jeni ya 16S, inayotumika kutambua bakteria, yenye herufi zipatazo 1,500: ufanano na jamaa wa karibu kabisa haukufikia asilimia 97, ilhali mpaka unaotumika sana kutenga spishi ni asilimia 98.7. Msimamizi alitukumbusha kwamba bado tulipaswa kulinganisha jenomu nzima, yaani DNA yote, na kwamba jina halikubaliki rasmi mpaka kielelezo hai kihifadhiwe katika hazina mbili za vijidudu za nchi mbili tofauti. Lakini nani alimsikiliza? Wenzangu walikwisha kuniita Baba Bakteria, nami nilikuwa nikichagua kati ya majina ya Kilatini yanayoishia na "mwanzensis".

Msimamizi, mtu asiyependa sherehe za mapema, aliukata mfuatano ule katikati na kuvitafuta vipande kimoja kimoja. Nusu ya kwanza ilikuwa ya Geobacillus, mkazi wa kawaida wa mboji. Nusu ya pili ilikuwa ya Anoxybacillus flavithermus, anayejulikana sana kwa kusumbua viwanda vya maziwa ya unga. Bakteria wawili walikuwa wamekaa koloni moja, na mashine ya kunakili jeni ikawafungisha ndoa, ikiunga nusu ya jeni ya mmoja na nusu ya jeni ya mwenzake.

Nilimpigia shangazi kumwuliza habari za maziwa chupani.

"Maziwa? Chupa yangu ni ya chai ya rangi tangu niinunue! Hebu niambie, huyo mzee wako kikombe chake kilikuwa na nini?"

Nikakiona tena kikombe kile, na utando mweupe uliogandia kingoni. Maabara sasa wananiita Muuza Chai.