Mgodi uko nje ya hifadhi, maji je?

Wanaotetea mgodi wa shaba na nikeli kaskazini mwa Minnesota, Marekani, huanza na hoja moja: mgodi wenyewe hauko ndani ya hifadhi. Ni kweli. Eneo ambalo Twin Metals, kampuni inayomilikiwa na Antofagasta ya Chile, ilipanga kuchimba liko kando ya Birch Lake karibu na mji wa Ely, nje ya mpaka wa hifadhi ya Boundary Waters. Lakini mpaka umechorwa na watu, na maji hayausomi. Birch Lake inamwaga maji yake katika Mto South Kawishiwi. Mto huo unakwenda kaskazini na kuingia hifadhini, na maji hayo yanafika Basswood Lake kwenye mpaka wa Kanada, kisha Lac la Croix, Rainy Lake, na mwisho wa safari Ghuba ya Hudson. Kila kitakachodondoka juu kitapita huko kote.

Kwa asiyepafahamu, Boundary Waters ni ekari kama milioni 1.1 za misitu ya ukanda wa baridi, yenye maziwa zaidi ya 1,000 yanayounganishwa na mito na vijia. Watu wapatao 150,000 hufika kila mwaka, wengi wao kwa mtumbwi. Mahali maji yanapokatika, unaubeba mtumbwi begani mpaka ziwa linalofuata. Kundi haliruhusiwi kuzidi watu 9 na mitumbwi 4, na chakula cha makopo huingii nacho. Ardhi ni ya umma.

Sasa kuna hesabu moja ambayo naona haipewi uzito wake. Ukisaga kilo 1,000 za mwamba wa pale, shaba na nikeli kwa pamoja hazifiki kilo 10. Rudia kusoma. Sehemu kubwa mno ya zile zaidi ya kilo 990 zinazosalia huwa visusu, unga wa mawe usio na mnunuzi. Mpango wa kampuni wa 2019 ulikuwa kusaga tani 20,000 kwa siku kwa miaka 25, yaani zaidi ya tani milioni 180. Sehemu ya visusu ingerudishwa chini, nyingine ingebaki juu, jirani na ziwa. Na mwamba huu ni wa salfaidi, yaani metali zake zimeungana na salfa: ukiwa ardhini umetulia, ukisagwa ukakutana na hewa na mvua unatoa tindikali, nayo inazoa metali na kwenda nazo majini. Mgodi wa chuma, ambao watu wa eneo hilo wameuzoea kwa vizazi, ni jambo tofauti kabisa. Wanaosema "sisi tumechimba hapa miaka mia na maziwa bado yapo" wanalinganisha vitu viwili visivyolingana.

Kampuni nayo haikukaa kimya, na ni haki kuisikiliza. Mgodi ungekuwa wa chini ya ardhi, si shimo la wazi. Visusu vingekamuliwa maji na kushindiliwa vikiwa vikavu badala ya kuwekwa kwenye bwawa. Baada ya bwawa la Brumadinho, Brazil, kupasuka Januari 2019 na kuua watu zaidi ya 250, hilo si jambo dogo. Ziliahidiwa pia ajira zaidi ya 750 za moja kwa moja, katika mji wenye wakazi 3,000 na ushee ambao mgodi wake wa mwisho wa chuma ulifungwa 1967. Mji huo una kinyongo cha zamani. Sheria ya 1978 iliyoondoa injini kwenye maziwa mengi ya hifadhi ilipingwa vikali. Mwaka uliotangulia, sanamu ya Sigurd Olson, mwandishi na mtetezi wa maziwa hayo aliyekuwa mkazi wa Ely, ilitundikwa kitanzini hadharani. Wengine walipoteza biashara zao za hoteli za kandokando ya maji. Huwezi kuwaambia watu hao kwamba hifadhi haikuwagharimu kitu.

Ila dai kwamba hifadhi ni starehe ya watu wa mjini wenye mitumbwi ya bei mbaya linawasahau Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Katika mkataba wa 1854 waliachia ardhi hiyo huku wakibakiza haki ya kuwinda na kuvua. Mpunga wao wa mwituni, manoomin, huota katika maji ya kina kifupi na hauvumilii salfeti nyingi, chumvi ya salfa inayotoka kwenye mwamba kama huo ukisagwa, kiasi kwamba tangu 1973 Minnesota imeweka kikomo cha miligramu 10 kwa lita katika maji unamoota. Hayo ni maisha ya watu, hayahusiani na likizo.

Hoja inayonikera zaidi ni ile inayotuhusu sisi Waafrika. Wanasiasa wanaounga mkono mgodi hupenda kuitaja Kongo: tusipochimba kwetu, watoto wataendelea kuchimba kobalti kule. Huruma hiyo huja wakati wa kuomba kibali, halafu hupotea. Kinachotafutwa Minnesota hasa ni shaba na nikeli. Kobalti ni kidogo tu. Na Marekani haina kiwanda cha kuyeyusha nikeli kutoka kwenye mawe ya mgodini. Mgodi wake wa Eagle huko Michigan husafirisha makinikia, yaani mchanga wenye madini ambao haujayeyushwa, nje ya nchi, neno ambalo Mtanzania hahitaji kufafanuliwa tangu 2017. Sioni ni mtoto gani wa Kolwezi, mji wa kobalti huko Kongo, angetoka shimoni kwa sababu ya Birch Lake.

Ninachowalaumu watetezi wa hifadhi ni kuridhika na maagizo ya mawaziri. Upangishaji wa ardhi ya madini kwa Twin Metals ulinyimwa 2016 chini ya Obama, ukarudishwa 2018 na kuongezewa muda 2019 chini ya Trump, ukafutwa tena Januari 2022 chini ya Biden. Januari 2023 Deb Haaland, aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya ardhi za umma, alizifungia uchimbaji ekari 225,000 na ushee kwa miaka 20, agizo ambalo halikuwa na nguvu ya sheria ya Bunge kama ile ya 1978. Mchimbaji wa Ely aliyeambiwa hapana, kisha ndiyo, kisha hapana, hakosei akisema anachezewa. Na jirani yake anayekodisha mitumbwi, aliyepokea majibu hayohayo kichwa chini miguu juu, aende benki kukopa kwa miaka mingapi?