Ramani ya Ziwa Moja

Katika chumba changu cha kusomea hapa Tabora nimetundika nakala ya ramani ambayo, kwa upande wa maziwa yetu, ina kosa kubwa sana. Ilichorwa na Jakob Erhardt akishirikiana na Johannes Rebmann, wamisionari waliokuwa wakiishi karibu na Mombasa, ikachapishwa mwaka 1856. Ndani yake hamna Tanganyika, hamna Nyasa wala Ukerewe, yaani Ziwa Victoria la leo. Ipo bahari moja tu katikati ya bara, Bahari ya Uniamesi, yaani ya Unyamwezi, iliyolala kuanzia karibu na Ikweta kwenda kusini kwa umbo la koa, yule konokono asiye na gamba.

Wengi huitaja ramani hiyo kwa kuicheka, nami naona wanaionea. Erhardt aliwauliza wafanyabiashara wa pwani waliozoea kwenda bara kutafuta pembe za ndovu, na waliopita njia za kusini, za kati na za kaskazini walimweleza kwamba safari zao zilikomea kwenye maji mengi. Kila mmoja alisema kweli. Kosa lilizaliwa mezani, pale mtu ambaye hajayaona maji hayo alipoyaunganisha yote yakawa bahari moja. Na kwa kuwa Nyasa na Nyanza ni majina yanayofanana, yote mawili yakiwa na maana ya maji makubwa, si vigumu kuelewa jinsi mgeni angeweza kupotea.

Masahihisho yalitolewa hapa hapa kwetu. Burton na Speke, wasafiri wa Kiingereza waliotumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London, walifika Kazeh, ambayo ni Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857. Speke alipomfungulia ramani hiyo Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu aliyewakaribisha, mwenyeji huyo alimweleza kwamba hayo ni maziwa matatu mbalimbali, ndipo Speke akatambua kwamba wamisionari wameyafanya kuwa moja. Ujuzi wake ulitokana na misafara, na misafara ilitembea kwa miguu na mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Agosti 1858 Speke aliufikia ukingo wa kusini wa Ukerewe, akalipa ziwa jina la Victoria, na vitabu vikaandika kwamba yeye ndiye aliyelivumbua. Neno hilo, kuvumbua, huniuma kila ninapolikuta katika daftari la mwanafunzi wa Tabora.

Ndugu zetu wa Kigoma wana mfano wao. Aprili 1858 wasafiri hao wawili, wakiwa wametoka Ujiji kwa mitumbwi, walifika Uvira, kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, na kuambiwa na wenyeji kwamba mto Rusizi unaingia ziwani. Hata hivyo, ubishi kuhusu mto huo, kwamba huenda unatoka ziwani na kuwa mwanzo wa Nile, uliendelea Uingereza hadi Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipoondoka Ujiji wakaenda kuuona kwa macho yao ukimwaga maji yake ziwani. Miaka 13 ilipita kwa sababu neno la watu wanaoishi mtoni halikuhesabiwa kuwa ushahidi.

Ramani za Wajerumani za miaka ya 1890 zina vipimo bora zaidi, lakini nazo zinamshuhudia mchoraji wake: majina ya vijiji yamesongamana kando ya njia za misafara, na pembeni kidogo karatasi inabaki nyeupe. Mahali hapo palikuwa na watu na mashamba. Mpimaji ndiye ambaye hakupita.

Ningependa, basi, ramani ya mwaka 1856 itundikwe katika madarasa ya Tabora na Kigoma kando ya ramani ya leo, na mwanafunzi aulizwe ni nani aliyemweleza mchoraji habari zake kabla hajaulizwa majina ya maziwa. Vitabu vyetu vinavyomtaja Speke vimtaje na Snay bin Amir katika ukurasa uleule, pamoja na Wanyamwezi waliobeba mizigo na habari kati ya maziwa na pwani.