Kujitolea kwa Watoto: Mradi Ukifungwa, Nani Anabaki?

Jumamosi, saa nne asubuhi, nje ya ofisi ya mtaa huko Unga Limited, Arusha. Viti vya plastiki vimeazimwa kanisani. Bango kitita, lile la kurasa za picha za kufundishia, limefungwa kwa kamba kwenye nguzo ya turubai, na dada mmoja wa miaka 22, fulana ya mradi ikimpwaya, anawauliza watoto thelathini na kitu: "Ukatili ni nini?" Wanajibu kwa sauti moja, kama wanavyoitikia mwalimu akiingia darasani. Jibu ni sahihi, neno kwa neno. Nimesimama nyuma, karibu na mama anayekaanga mihogo. Chalii aliye mbele yangu anamaliza kuitikia, anageuka, anamzaba mwenzake kibao cha kisogoni kwa kumkalia kiti chake.

Mama wa mihogo alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Somo limeingia," akasema.

Simkejeli dada yule. Mimi mwenyewe nimeivaa fulana ya namna hiyo kwa karibu miaka mitatu, kata ya Ngarenaro, nikiitwa mwelimishaji rika, yaani kijana anayewaelimisha vijana wenzake. Watu wa miradi huiita kazi hii mabadiliko ya jamii na tabia: mtoto, kijana, mzazi wake na jirani yake waache jambo fulani au waanze jingine. Waache kuchapa, kuozesha binti, bangi na gongo. Waanze kupima VVU, kutoa taarifa, kurudi shule. Na mzigo mkubwa wa kazi hiyo hubebwa na watu wasio na mshahara. Je, ni haki? Je, inafaa kitu? Watu huyachanganya maswali haya mawili, na ndiyo maana mjadala wake hauishi.

Kuhusu ukubwa wa tatizo, hakuna anayebisha. Utafiti wa kitaifa uliofanyika 2009 ulikuta karibu wasichana watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba, wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Waliopigwa ngumi, mateke au fimbo walikaribia robo tatu. Baadaye ukaja MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ulioanza 2017/18, ukaunda kamati za ulinzi mpaka ngazi ya mtaa. Wengi wa wajumbe wake ni wananchi wa kawaida ambao hawalipwi kwa kazi hiyo. Kwa hiyo kujitolea si pambo la asasi tu. Serikali nayo imeegemea hapohapo.

Wanaotetea kujitolea wana hoja nzito kuliko wanavyoieleza. Wakishika kipaza sauti husema "uzalendo" na "moyo", wakaishia hapo. Hoja yao halisi ni ujirani. Pale Daraja Mbili kulikuwa na dogo mmoja aliyeacha shule kidato cha pili, akawa anaosha magari. Nilikuwa napita kijiweni kwao jioni nikitoka kwenye shughuli zangu. Sikuwa na bango kitita wala karatasi ya mahudhurio. Tulikuwa tunabishana Simba na Yanga, basi. Mwezi wa tano au wa sita hivi, akiwa anakamua dekio, bila kuniangalia, akaniuliza: "Bro, eti ukienda kupima, wanampigia mama?"

Sheria ilibadilishwa 2019: kijana wa miaka 15 anaweza kupima VVU bila ridhaa ya mzazi. Bango letu lilikuwa na picha kumi na kitu na hakuna hata moja iliyosema hivyo. Ningeweza kulikunjua mbele yake mara mia na asiniulize swali lile. Aliniuliza kwa sababu alikuwa ameshanizoea, na kwa sababu, nadhani, aliona silipwi kumuuliza yeye.

Hilo ndilo jambo ambalo ofisa anayeshuka kwenye gari jeupe hawezi kulinunua. Mtoto wa mtaani kwetu anajua kusoma gari. Akiliona, anajua jibu linalotakiwa, na analitoa.

Sasa upande wa pili. Miaka ya mwisho ya 1990 ulianza mkoani Mwanza mradi wa MEMA kwa Vijana, ambao ulipimwa kwa makini kuliko mingi ninayoijua. Jamii 20 zilishirikishwa: 10 zikapewa huduma kwanza, 10 zikawekwa za kulinganishia. Walimu walifundisha shule za msingi wakisaidiwa na waelimishaji rika waliochaguliwa na wanafunzi wenzao, na vituo vya afya vikafundishwa kuwapokea vijana vizuri. Matokeo? Ujuzi wa vijana ulipanda, majibu yao kuhusu tabia yakawa mazuri. Lakini walipopimwa damu, maambukizi ya VVU hayakuonyesha kupungua. Wakarudiwa 2007 na 2008, hali ikawa ileile: wanajua zaidi, na virusi havikujali.

Ni yule chalii wa kibao cha kisogoni, kwa kipimo cha mkoa mzima. Mtoto akishakariri, bado anarudi nyumbani kwenye umaskini uleule, kwa mjomba yuleyule, kwa mwanaume mwenye pikipiki anayempa nauli ya shule. Ukimwachia mwelimishaji rika wa miaka 19 kazi ya kubadilisha hayo yote kwa fulana na soda, unamwonea yeye na unawaonea watoto.

Na moyo mzuri unaweza hata kuumiza. Marekani waliwahi kuwa na mtindo wa kuwapeleka vijana watukutu magerezani ili watishwe na wafungwa. Kila aliyesikia alipenda wazo hilo. Watafiti walipokusanya majaribio yaliyofanyika, wakakuta waliopelekwa walirudia makosa zaidi kuliko wenzao waliobaki nyumbani. Huwa nalikumbuka hilo kila ninapomsikia mtu kikaoni akisema "cha muhimu ni nia".

Nije kwenye hela, maana hapo ndipo watu wanapoumana. Wenzetu wa kujitolea hupangiwa siku, saa, kaya za kutembelea na fomu za kujaza. Wakikosa lengo la mwezi, mratibu anawaita. Mimi nilikuwa napewa nauli ya kifodi, yaani daladala, na kuna miezi haikufika. Kitu chenye lengo la mwezi na msimamizi kinaitwa kazi, hata ukikipaka rangi gani. Shirika la Afya Duniani lilishasema hivyo 2018 kuhusu wahudumu wa afya ngazi ya jamii: walipwe kulingana na kazi wanayofanya. Januari 2024 serikali yetu ilizindua mpango wa kufundisha wahudumu hao zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano, wakiwa na posho. Kama anayetembelea kaya kwa ajili ya malaria na uzazi anastahili kitu, anayetembelea kaya ambako mtoto anabakwa anakosaje?

Lakini wanaopinga malipo nao wameyaona ya kwao, na mimi nimeyaona pamoja nao. Mradi ukitangaza posho, orodha ya waelimishaji inabadilika usiku mmoja: mpwa wa fulani, binti wa fulani, na jina la yule aliyekuwa anakuja tangu mwanzo halipo. Kwenye semina moja nilihesabu mwandiko mmoja kwenye mistari mitatu ya mahudhurio. Wazazi nao hujifunza haraka. Mwanzo wanakuja kusikiliza. Mwaka wa pili wanauliza mlangoni kama kuna soda, wa tatu kama kuna bahasha.

Mimi naegemea upande wa malipo, kwa sharti. Kazi ya ratiba, fomu na kesi za watoto ilipwe, kidogo kisichokatika, ipitie mtaani ambako watu wanamjua anayelipwa, na chini ya afisa ustawi wa jamii. Udokozi wa orodha ni tatizo la usimamizi. Hauponi kwa kumnyima nauli anayefanya kazi. Ule ujirani wa kijiweni uachwe bila fomu, kwa sababu siku utakapoletewa fomu, dogo ataacha kuuliza. Na mtu asipewe watoto kabla hajachunguzwa. Barua ya mtendaji na wadhamini wawili ni kidogo mno.

Kuna kujitolea kwingine ambako sina subira nako. Nenda Moshi msimu wa kupanda mlima: mgeni anakaa wiki mbili kwenye makao ya watoto, anafundisha nyimbo, anapiga picha, anaelekea Machame. Mwenye kukaa miaka miwili na kujifunza Kiswahili simsemi. Huyu wa wiki mbili anamfundisha mtoto jambo moja kwa uhakika, kwamba anayekukumbatia ataondoka.

Ila na sisi wenyeji tusijitakase. Miradi yetu nayo ni ya miaka miwili, mitatu. Mapema 2025 Marekani ilipositisha misaada yake, na ilipofika Julai shirika lake la misaada, USAID, likawa limefungwa, shughuli nyingi za kata zilizotegemea fedha hizo zilisimama bila hata kikao cha kuagana. Waliokuwa na mikataba walipewa barua. Wa kujitolea hawakuwa na mkataba wa kuvunjwa, hivyo hakuna aliyewaandikia.

Nilikutana na yule dada wa Unga Limited mwaka huohuo, soko la Kilombero, anauza mitumba ya watoto. Wateja watatu wakapita, mmoja akataka kupunguziwa suruali mpaka bei ya kuaibisha. Kati ya mteja na mteja akaniambia bado anapita kwenye nyumba mbili alizokuwa akizitembelea wakati wa mradi, jioni akifunga, kwa sababu watoto wenyewe humfuata mezani kumsalimia na anajua wakimya ni wepi. Nikamuuliza nani anampokelea kesi siku hizi. Akasema anapiga 116, ile namba ya bure ya watoto, au anaenda mwenyewe Dawati la Jinsia na Watoto polisi, akibahatika kupata wa kumwachia meza.

Halafu akavuta mfuko wa rambo uliokuwa chini ya meza, nyuma ya marobota. Ndani yake kulikuwa na fomu za kaya za mradi, zimekunjika pembe: majina ya watoto, mtaa, namba za simu za wazazi, na safu ya mwisho inayoeleza mtoto amefanyiwa nini na nani. Hakuna aliyekuja kuzichukua. Nyumbani wanaishi wengi chumba kimoja, hataki wazione, ndiyo maana anatembea nazo.

"Kaka, nizichome au nizipeleke wapi?" akaniuliza.

Nilimwambia tutazipeleka pamoja ustawi Jumatatu. Tulipofika, ofisa aliyekuwepo akauliza tuna barua ya mradi ya kukabidhi. Tukarudi nazo kwenye kifodi, mfuko ukiwa mapajani mwake, ameushika kwa mikono miwili.