Likizo Kusikozoeleka na Hesabu ya Saa za Kufika Hospitali

Mwezi Aprili 2018 serikali ya Ufilipino ilikifunga kisiwa cha Boracay kwa watalii kwa miezi sita, kwa sababu maji machafu yalikuwa yakitiririka baharini bila kusafishwa. Miezi miwili baadaye Thailand iliifunga Maya Bay, ghuba ambayo matumbawe yake yalikuwa yameharibiwa na boti na wingi wa wageni, na haikuifungua tena hadi Januari 2022. Mwaka 2024 mji wa Venice nchini Italia ulianza kuwatoza ada wageni wanaoingia mjini asubuhi na kuondoka jioni katika siku za msongamano mkubwa. Kila tukio la namna hii huwapa nguvu wanaoshauri kwamba msafiri aachane na palipojaa, na likizo yake aielekeze kusikozoeleka. Ushauri huo kwa kawaida hujengwa juu ya utulivu, mazingira na unafuu wa gharama, na suala la afya hutajwa mwishoni tu, kama orodha ya dawa za kutia mkobani. Kwa maoni yangu lilipaswa kutangulia, kwa kuwa ndilo linaloonyesha hasa tofauti iliyopo kati ya mahali maarufu na mahali pasipojulikana.

Wanaoogopa kusikozoeleka huanza na dhana kwamba panapojulikana ni salama. Dhana hiyo haina mashiko. Mwezi Februari 2020 meli ya kitalii Diamond Princess, iliyokuwa na watu 3,711, ilizuiwa bandarini Yokohama, na zaidi ya 700 kati yao walikutwa na virusi vya korona. Mwezi uliofuata kijiji cha Ischgl nchini Austria, ambacho wapenda mchezo wa kuteleza kwenye theluji hukifurika kila msimu wa baridi, kilikuwa chanzo cha maambukizi yaliyosambazwa katika nchi nyingi za Ulaya na wageni waliokuwa wakirejea makwao. Madeira, kisiwa cha Ureno kinachopendwa na wastaafu, kilipata mlipuko wa homa ya dengue mwaka 2012, na wagonjwa walipita 2,000. Mwaka 2014 kichocho kiligunduliwa kwa watu ambao hawakuwahi kufika katika nchi zenye ugonjwa huo. Walichofanya ni kuoga tu katika mto Cavu, kisiwani Corsica, mahali ambapo familia za Ulaya hupumzika kila kiangazi. Umaarufu wa mahali, basi, hauwezi kuchukuliwa kuwa cheti cha afya.

Tunaweza hata kwenda mbele zaidi na kusema kwamba msongamano wenyewe ni chanzo cha maradhi. Boracay iliugua kwa sababu utalii ulikua haraka kuliko mabomba ya maji taka. Virusi vya noro, vinavyoleta kutapika na kuharisha, hupenda meli na hoteli kubwa ambamo mamia ya watu hushika kijiko kimoja kwenye meza ya kujipakulia, na vitakasa mikono vyenye spiriti havivimudu kama sabuni na maji yanavyovimudu. Katika nyumba ya wageni yenye vyumba vitano, chakula kinachopikwa kwa ajili ya watu wanane na kuletwa kikiwa kinafuka mvuke kinaweza kuwa salama kuliko kile kilichokaa juu ya vyombo vya kupashia moto tangu asubuhi. Hoja hii ya watetezi wa kusikozoeleka naikubali bila kusita.

Hata hivyo, hoja hiyo inajibu swali la uwezekano wa kuugua, na kuna swali la pili ambalo haigusi hata kidogo, yaani kitakachotokea baada ya mtu kuugua. Hapo ndipo mizani inapoegemea upande mwingine. Longyearbyen, mji mkuu wa visiwa vya Svalbard, una hospitali ndogo, na wagonjwa wenye hali nzito husafirishwa kwa ndege hadi Tromsø, Norway bara, endapo hali ya hewa itaruhusu. Tristan da Cunha, kisiwa kilichoko katikati ya Atlantiki ya Kusini, hakina uwanja wa ndege. Hufikiwa kwa meli kutoka Cape Town kwa safari ya takriban wiki moja. Sehemu zote mbili zina hewa safi na hazina malaria, na kwa kipimo cha orodha ya magonjwa zingeitwa salama sana. Lakini kidole tumbo kinapopasuka, msaada hupimwa kwa saa, na saa hizo ndizo ambazo msafiri wa kusikozoeleka anakuwa amezitoa sadaka bila kujua.

Kichaa cha mbwa kinalieleza jambo hili vizuri kuliko ugonjwa mwingine wowote. Dalili zikishaanza, mgonjwa karibu daima hufa. Tiba ikitolewa ipasavyo kabla ya dalili, karibu daima hupona. Tiba yenyewe inaanza kwa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, jambo linalowezekana popote penye kisima. Kisha huja chanjo, ambayo hupatikana katika sehemu nyingi. Tatizo liko kwenye hatua ya tatu: mtu ambaye hakuwahi kuchanjwa, akiumwa na jeraha likachimba, anahitaji pia kudungwa kingamwili zilizo tayari ndani na kandokando ya jeraha, na kingamwili hizo ni adimu mno katika maeneo mengi ya dunia, hata katika baadhi ya miji mikubwa. Aliyechanjwa kabla ya safari hazihitaji. Dozi chache za kuongeza nguvu zinamtosha. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani limekubali kwamba dozi mbili zinazotolewa kwa kupishana wiki moja zinatosha kwa chanjo hiyo ya awali, badala ya tatu za zamani. Kwa mtu anayekwenda wiki moja kwenye jiji lenye hospitali kubwa, chanjo hii inaweza kuonekana ni gharama isiyo ya lazima, na madaktari wengi hawatambishia. Kwa anayekwenda kutembea kwa miguu katika vijiji vilivyo mwendo wa siku mbili kutoka kwenye lami, na hasa akiwa na watoto, ambao hucheza na mbwa na pengine wasiseme wamekwaruzwa, hesabu inageuka kabisa ingawa ugonjwa ni uleule na mbwa ni walewale.

Nimekaa kwenye mfano huu kwa makusudi, kwa sababu unaonyesha kwamba orodha ya chanjo inayonakiliwa kwa jina la nchi haitoshi. Nchi moja inaweza kuwa na mji mkuu ulio saa moja kutoka kwenye chumba cha upasuaji na bonde lililo siku tatu kutoka hapohapo. Swali linalofaa kuulizwa kabla ya kulipia safari ni hili: kutoka mahali nitakapolala, kwa usafiri uliopo kweli na katika msimu nitakaokuwepo, ni saa ngapi hadi kwa daktari anayeweza kupasua, kuongeza damu na kutoa dawa ya sumu ya nyoka? Msimu nautaja kwa kuwa wengi hukimbia msongamano kwa kusafiri wakati wa mvua, na barabara iliyochukua saa nne kiangazi inaweza kutopitika kabisa masika.

Upungufu mwingine ni wa habari. Mahali panapopokea mamilioni ya wageni, madaktari huko wageni wanakotoka huwa wamekwisha kuyazoea maradhi yake. Mahali pasipozoeleka hapana kumbukumbu hiyo. Mwaka 2000 wanamichezo zaidi ya 300 kutoka nchi mbalimbali walishiriki mashindano ya Eco-Challenge huko Sabah, katika kisiwa cha Borneo, yaliyowapitisha msituni na katika mto Segama. Baada ya kurudi makwao wengi walishikwa na homa, na kati ya 189 waliohojiwa na wachunguzi, 80 walionekana kuwa na dalili za leptospirosisi, maradhi ambayo Waswahili wengine wameyajua kwa jina la homa ya mgunda, na ambayo huenezwa na maji yenye mkojo wa wanyama. Hawa walikuwa watu wenye siha kuliko wengi wetu, na siha hiyo haikuwa kinga. Mlipuko ulibainika kwa sababu kliniki za wasafiri katika miji tofauti zilikuwa zikipashana habari. Daktari mmoja mwenye mgonjwa mmoja angeweza kudhani ni mafua.

Milima ina hesabu yake. Leh, katika eneo la Ladakh nchini India, iko kwenye mwinuko wa takriban mita 3,500, na uwanja wa ndege wa El Alto, unaohudumia La Paz nchini Bolivia, uko juu ya mita 4,000; ndege humtoa mtu usawa wa bahari na kumshusha huko kabla mwili haujazoea hewa nyepesi ya huko juu. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba ukishapita mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 kwa siku kwenye mahali pa kulala, na uweke siku ya mapumziko kila baada ya siku tatu au nne. Dawa ya asetazolamidi husaidia mwili kuuzoea mwinuko, lakini maji yakianza kujaa kwenye mapafu au ubongo kuvimba, jambo la lazima ni kushuka. Wenye njia maarufu za milimani wana vituo, waongozaji na uzoefu wa kumtambua mgonjwa. Aliyechagua mlima usio na watu atalazimika kujitambua mwenyewe, huku akili yake ikiwa ndiyo iliyoathirika. Huko juu hata maji ya kunywa huhitaji kuchemka muda mrefu zaidi, dakika tatu badala ya moja ukipita mita 2,000, kwa kuwa huchemka yakiwa na joto dogo.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba hatari yote ni ya mgeni. Historia inasema vinginevyo. Tarehe 7 Novemba 1918 meli Talune iliyotoka Auckland ilitia nanga Apia, Samoa ya Magharibi, ikiwa na wagonjwa wa mafua makali ya mwaka ule. Takriban mtu mmoja kati ya kila watano katika visiwa hivyo alikufa, ilhali Samoa ya Marekani, jirani yake, ilizuia meli na haikupoteza mtu. Mwaka 2019 surua, ambayo ilifika Samoa kwa njia ya msafiri kutoka New Zealand, iliua watu 83, wengi wao watoto wadogo, katika nchi ambayo kiwango cha chanjo kilikuwa kimeshuka sana. Anayejisifu kwamba amefika ambako wengine hawafiki anapaswa kukumbuka kwamba upweke wa mahali hapo, unaomvutia yeye, unaweza kuwa ndio udhaifu wa wenyeji. Na zahanati yenye dozi tatu za dawa ya sumu ya nyoka haikuwekewa dozi hizo kwa ajili ya watalii. Hoja hii ndiyo inayonisumbua zaidi, na sijaona ikijibiwa vya kutosha na watetezi wa kusikozoeleka, ambao hupenda kueleza faida ya fedha zinazoachwa na mgeni pasipo kutaja mzigo anaoweza kuuacha.

Kinachowaua wasafiri wenye afya njema kwa wingi, hata hivyo, si nyoka wala virusi bali ni barabara. Hapa hukumu ni fupi: kusikozoeleka mara nyingi hufikiwa kwa magari mabovu, usiku, au kwa pikipiki ya kukodi isiyo na kofia ngumu, na hakuna chanjo ya jambo hilo zaidi ya kukataa kupanda.

Wapo watakaosema kwamba bima ya safari inamaliza yote. Bima ni ya lazima, lakini hulipia ndege ya kumhamisha mgonjwa. Haiwezi kuleta uwanja wa kutua wala kuondoa ukungu. Mikataba mingi pia huwatenga wapanda pikipiki wasio na leseni, wanaopita mwinuko fulani, na maradhi ambayo mtu alikuwa nayo kabla ya safari. Wala maandalizi hayawi sawa kwa watu wote. Chanjo ya homa ya manjano, ambayo cheti chake huanza kukubalika siku 10 baada ya kuchanjwa na tangu 2016 hudumu maisha yote, ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na hivyo haifai kwa watu wenye kinga dhaifu, na kwa waliopita miaka 60 hutolewa kwa tahadhari. Mjamzito, au mwenye ugonjwa wa moyo, anaposhauriwa kuahirisha bonde la mbali, haambiwi kwamba hana moyo wa safari.

Lakini ugeni na umbali ni vitu viwili, na mjadala huu huharibika kwa kuvichanganya. Padova iko takriban nusu saa kwa treni kutoka Venice. Ina kanisa dogo la Scrovegni lenye michoro ya Giotto, mchoraji mashuhuri wa Italia, bustani ya mimea ya tangu 1545, na chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1222 ambacho ukumbi wake wa kufundishia upasuaji wa maiti ulijengwa mwishoni mwa karne ya 16. Anayelala Padova amekwepa sehemu kubwa ya msongamano na bado yuko katika mji ambao umefundisha tiba kwa karne nyingi. Miji ya pili ya namna hii ipo karibu na takriban kila kivutio maarufu duniani, na kwa familia yenye mtoto mchanga au mzee naiona kuwa chaguo bora kuliko kisiwa cha mwisho kwenye ramani.

Kwa yule ambaye ramani hiyo ndiyo inayomvuta, na simlaumu, kazi haiishii uwanja wa ndege wa kurudia. Malaria ya aina ya vivaksi inaweza kujificha kwenye ini na kuibuka miezi kadhaa baada ya safari, na kichocho huweza kuchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta homa. Daktari wa nyumbani atakayemwona mgonjwa mwenye homa mwezi wa Machi hatakuwa na sababu ya kufikiria mto uliovukwa Novemba, kwa hiyo jina la mto, tarehe, na dawa zilizonywewa ni vyema viandikwe kwenye karatasi na kutajwa kabla hata hajauliza.