Masomo Mawili, Mshale Mmoja

Anayesomea ualimu wa historia husomea ualimu wa historia, basi. Sisi tunaosomea ualimu wa fizikia na kemia kwa pamoja ni kama watu waliooa katika familia mbili zisizosalimiana, wakatakiwa kuhudhuria vikao vya zote mbili na kuitikia kila linalosemwa.

Chukua gesi inayopanuka ndani ya silinda na kuisukuma pistoni. Asubuhi mhadhiri wa fizikia anatueleza kwamba kazi iliyofanywa na gesi ni chanya, kwa hiyo huondolewa katika joto lililoingia ili tupate badiliko la nishati ya ndani. Mchana, chumba cha pili, mhadhiri wa kemia anatueleza kwamba kazi ile ile ni hasi, kwa kuwa yeye huhesabu kazi inayofanyiwa gesi, na kwamba hiyo hujumlishwa. Jibu la mwisho ni lile lile, nakubali, na gesi yenyewe haina habari kwamba imegombaniwa. Lakini mtihani hausahihishwi na gesi.

Umeme ndio uliokithiri. Tangu Benjamin Franklin alipoamua katika karne ya 18 upande upi uitwe chanya na upi hasi, wanafizikia huchora mshale wa mkondo ukitoka chanya kwenda hasi. J. J. Thomson alipoitambulisha elektroni mwaka 1897, hatimaye ilibainika kwamba zinazosafiri ndani ya waya ni hizo elektroni, tena zinaelekea upande wa pili. Mtu mwenye akili ya kawaida angedhani kwamba mishale ingegeuzwa. Haikugeuzwa; ni wanakemia tu ambao mshale wao hufuata elektroni. Tuliongezewa tu sentensi moja ya maelezo, na sentensi hiyo ndiyo nitakayoirudia mbele ya wanafunzi hadi nitakapostaafu.

Tena kuna andalio la somo, jedwali lenye safu ya muda, safu ya shughuli za mwalimu na safu ya shughuli za mwanafunzi. Natakiwa niandike usiku, kwa uhakika wa mnajimu, kwamba kesho kati ya dakika ya 5 na ya 15 wanafunzi watagundua jambo fulani. Hawatajaribu wala hawatakisia; watagundua, na dakika ya 16 wataanza kulitumia. Galileo mwenyewe hakuwahi kubanwa namna hiyo.

Niliandika, kwa mfano, kwamba wanafunzi watapima pendulamu yenye uzi wa mita 1, ambayo huchukua takriban sekunde 2 kwenda na kurudi, na kutokana na hapo watapata mchapuko wa graviti wa 9.8. Kundi la mbele lilipata 7, kwa sababu aliyeshika saa alikuwa akimtazama aliyeshika uzi, na aliyeshika uzi alikuwa akitazama dirishani. Kundi la nyuma lilipata 9.8 barabara, kabla hata ya kulifunga jiwe kwenye uzi. Fomu ya mkaguzi ina nafasi ya kujaza asilimia ya waliofikia lengo, lakini haina nafasi ya waliolifikia kwa kunakili jalada la nyuma la kitabu.

Kemia nayo haiheshimu safu ya muda hata kidogo. Alkali ikidondoka kutoka kwenye bureti, ule mrija wa kupimia matone, hadi ndani ya asidi yenye fenolfthaleini, kiashiria kinachobadili rangi asidi inapokwisha, kimiminika hubaki bila rangi kwa muda wa kuchosha, kisha tone moja hukigeuza rangi ya waridi, na tone hilo huchagua kudondoka pale mwalimu anapogeuka kuandika ubaoni. Kipande cha sodiamu, kwa upande wake, hukimbia juu ya maji kikitoa haidrojeni na kutoweka, na zile dakika 9 nilizokitengea zinabaki mikononi mwangu.

Mazoezi ya kufundishana sisi kwa sisi sitayasema sana. Watu wazima hujifanya wanafunzi, na daima yupo mmoja anayenyoosha kidole kuuliza kwa nini elektroni haiangukii kwenye kiini cha atomu, swali aliloliokota katika mtihani uliomshinda yeye mwenyewe.

Wiki ijayo nafundisha elektrolisisi ya myeyusho wa salfeti ya shaba, yaani kupitisha umeme ndani yake ili kuleta badiliko la kikemia, mada ambayo idara zote mbili zinadai kuwa ni yao. Wakufunzi wangu wawili, wa fizikia na wa kemia, wamenijulisha kwamba watakuja kunikagua siku moja, kipindi kimoja. Mchoro uko tayari katika andalio: betri, bika, elektrodi mbili za shaba na waya. Mshale sijauweka. Katika safu ya shughuli za mwanafunzi nimeandika kwamba mwanafunzi mmoja atapita mbele na kuuchora mwenyewe, kwa kuwa mbinu shirikishi ndizo tunazosisitiziwa kila siku.