Umbea wa Michenzani: nani kakwambia?

Msuto wa mwisho niliouona kwa macho yangu, wa kumwendea msemaji mlangoni kumuuliza kauli yake, ulifanyika ngazini, kwenye majumba ya ghorofa ya Michenzani, mjini Unguja, baada ya sala ya alasiri. Walikuja wanawake saba, kila mmoja na kanga zake mbili, mbele yao mama wa msichana aliyesemwa. Hawakupiga kelele. Waligonga mlango wa ghorofa ya pili, wakakaribishwa, wakakataa kukaa.

"Shoga yangu, hatukuja kugombana. Tumekuja kuuliza tu. Umesema mwanangu ana mimba ya Mzungu. Nani kakwambia?"

Mwenye mlango akamtaja jirani wa kulia. Jirani akaitwa, akasimama kizingitini na mwiko mkononi. Yeye hakusema mimba, alisema binti ana mtu, na hilo kaambiwa na wa juu. Wa juu akateremka, ushungi kauweka upande. Yeye hakusema ana mtu. Alisema anarudishwa usiku na gari ya watalii. Kaambiwa na nani? Na bibi wa ghorofa ya nne. Msafara ukapanda, sasa wamepita kumi, na watoto nyuma. Bibi alikuwa na ungo mapajani, anachagua mchele. Alijibu bila kuinua kichwa.

"Mimi nimeona gari nyeupe. Saa sita za usiku. Nilisema gari nyeupe, na mpaka leo nasema gari nyeupe."

Ilikuwa gari ya hoteli, inayowarudisha mjini wafanyakazi wa zamu ya usiku kutoka Nungwi.

Nimekumbuka mkasa huu kwa sababu ya ugomvi usiokwisha nyumbani kwa rafiki yangu. Yeye amehama mtaa, kapanga upande wa Fumba, kwenye nyumba mpya zenye geti na mlinzi. Sababu aliyoitoa ni moja: amechoka watu kumuuliza mfuko wake una nini. Mama yake amekataa katakata kumfuata. Anasema hawezi kwenda kufia mahali ambapo wa kwanza kujua atakuwa mlinzi. Nimewasikiliza wote wawili mara nyingi, na kila nikitoka kwa mmoja naona kashinda yeye.

Nianze na mama. Walioingia Michenzani mwanzo walitoka kwenye nyumba za udongo za mitaa ya Ng'ambo, zilizovunjwa baada ya Mapinduzi ya 1964 ili kupisha majumba yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, mengine marefu karibu mita 300. Walichokiacha nyuma ni ua na baraza. Ua ulikuwa wa wanawake: unapika, unafua, unazungumza na wa ua wa pili juu ya makuti. Baraza ilikuwa ya wanaume. Ramani ya ghorofa haikuwa na ua wala baraza, basi watu wakajitengenezea vyao. Ngazi ikawa ua. Roshani ikawa dirisha la kuangalia nani kaja na nani kaondoka. Maji yakikatika ndoo zinapanda kwa mkono, na kila kituo cha kupumzika ni mazungumzo. Kama kuna mtu alidhani zege litawanyamazisha watu wa Ng'ambo, hakuwajua.

Na mazungumzo hayo yana kazi. Unguja ilipokosa umeme kwa miezi mitatu hivi, kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, mtaa mzima ulijua nani ana jenereta, analiwasha saa ngapi, na friji lake lina nafasi ya samaki wa nani. Hakuna aliyetangaza. Meli ya Mv Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, imejaza kupita kiasi, orodha ya abiria haikulingana na watu waliokuwamo. Waliokwenda viwanja vya Maisara kutambua maiti walikwenda kwa kujua: fulani aliaga jana, alikuwa na begi la kijani, kamchukua na mjukuu. Habari hiyo hiyo, siku mbili kabla, ingeitwa umbea. Nani anasafiri, na nani, kaaga vipi, kabeba nini.

Hata dini, ambayo ndiyo silaha ya kwanza ya rafiki yangu, inasema kwa pande mbili. Aya ya 12 ya Suratul Hujurat imefananisha kusengenya na kula nyama ya ndugu yako aliyekufa, na imekataza kupelelezana. Hapo mama hana jibu. Lakini kila aliyepita chuoni anaijua pia hadithi ya yule asiyekuwa muumini, anayelala ameshiba na jirani yake ana njaa ilhali anajua. Anajua. Utajuaje kwamba jiko la jirani halijawaka tangu asubuhi kama hukuchungulia? Nilimuuliza rafiki yangu. Akanijibu kwamba asiyejua hana dhambi, na ndiyo maana yeye kahamia Fumba. Tulicheka, lakini jibu lake limenikaa vibaya mpaka leo.

Sasa upande wake. Umbea haugawi machungu sawasawa. Keti saa moja kwenye kituo chochote cha kahawa mjini, hata Jaws Corner kwenyewe, sikiliza wanaume wanapopiga dhumna na kikombe cha kahawa chungu pembeni. Utasikia nani kaoa wa pili kwa siri, nani kauza kiwanja cha warithi, nani kapewa cheo na kwa sababu gani. Hayo yanaitwa siasa, au baraza. Maneno hayo hayo yakisemwa ngazini na mwanamke anayetwanga thomu, ni umbea. Mambo ni yale yale na ulimi ni ule ule. Na ukimhesabu anayesemwa, mara nyingi ni mwanamke: aliyeachwa, asiyeolewa, anayefanya kazi hotelini, anayerudi usiku. Kijana wa kiume anayerudi na gari hiyo hiyo nyeupe kutoka hoteli hiyo hiyo anaambiwa Mungu ambariki, anahangaika.

Lakini lililonifanya niandike si hilo. Ni swali la mama yule mlangoni: nani kakwambia?

Msuto ni mahakama ya mtaa, na kanuni yake ni kwamba kila kauli ina mwenyewe. Unaruhusiwa kusema, maana hakuna atakayekuzuia, lakini ujue kwamba siku moja utaitwa kizingitini na mwiko wako mkononi uitaje njia neno lilipopita. Ndiyo maana wasemaji wazuri wa zamani walikuwa na uangalifu ambao watu wa nje hawauoni. Bibi wa ghorofa ya nne alisema gari nyeupe kwa sababu aliona gari nyeupe. Nyongeza zote ziliingia chini yake, ngazi kwa ngazi, na msuto ulipopanda ukazivua moja moja. Hata kanga ya fumbo, ile ya "Hasidi hana sababu" anayoivaa mtu makusudi akipita mbele ya mlango wako, angalau imevaliwa na mtu. Anaweza kukukana, akakuuliza kwani wewe ndiye hasidi? Lakini mwili ni wake na mtaa mzima umemwona.

Simu imeliua swali hilo. Siku hizi inakuja sauti ya WhatsApp, mwanamke asiyejulikana anamtaja binti wa mtu kwa jina na jengo, na imefowadiwa mpaka imepoteza asili. Ukimwendea aliyekutumia anakujibu maneno matatu ambayo msuto hauna dawa yake: mimi nimetumiwa tu. Mnyororo hauna bibi mwishoni. Watu wanalalamika kwamba umbea umezidi. Sidhani. Bibi zetu walisema kuliko sisi. Kilichopungua ni mahali pa kumsimamisha msemaji.

Nisiupambe sana msuto, hata hivyo. Unahitaji jeshi. Mama yule alikuwa na dada zake, mashoga zake na shangazi mmoja mwenye sauti. Mpangaji aliyekuja kutoka bara, anayeishi chumba kimoja na mtoto, akisemwa atamsuta nani na atakwenda na nani? Kwake yeye maneno ya mtaani yanaweza kufika mbali zaidi ya masikio, kwa sababu huku kwetu barua ya sheha, kiongozi wa serikali mtaani, ndiyo mlango wa mambo mengi, kuanzia kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na sheha naye ni mtu wa mtaa, anakunywa kahawa palepale. Zaidi ya hayo, msuto unasafisha jina kwa kulitangaza. Siku ile, waliokuwa hawajasikia habari ya mimba waliisikia hapo, kwenye kuisafisha. Msichana hakukaa hata mwezi, akatafuta chumba Nungwi karibu na kazi. Mama yake alishinda kesi akabaki na nyumba tupu.

Na kuna pahala ambapo hoja ya mama wa rafiki yangu, kwamba mtaa unaojuana ni mtaa unaolindana, inavunjika kabisa. Pahala hapo panaitwa muhali. Mtaa unaojua bei ya friji la jirani unajua pia ni mtoto gani anaogopa kurudi nyumbani kutoka skuli, na ni mjomba gani asiachwe naye peke yake. Lakini ikifika kesi ya udhalilishaji, polisi wanatafuta shahidi, milango yote inafungwa. Aliyekuwa akisimulia wiki nzima sasa hakuona, hakusikia, alikuwa kalala. Si woga tu. Ni aibu ya kumtaja ndugu wa mtu mnayezikana naye. Wanaharakati na viongozi wa Zanzibar wamekuwa wakiwaomba watu waache muhali mwaka baada ya mwaka, na kesi zinaendelea kufa kwa kukosa mashahidi.

Mimi hapa naona umbea na muhali ni watoto wa mama mmoja. Vyote viwili ni kusema, au kunyamaza, bila kusimama na kauli yako. Anayenong'ona "nasikia" na anayeapa "sikuona" wanakimbia kitu kimoja: kuitwa mlangoni. Kwa hiyo nikilazimishwa kuchagua kati ya rafiki yangu na mama yake, nabaki na mama, ila kwa sharti ambalo yeye hatalipenda. Kama ngazi ina haki ya kujua nani karudi saa sita za usiku, basi ina deni la kusema mbele ya hakimu ilichokisikia nyuma ya ukuta saa nane. Ngazi inayotaka haki hiyo bila deni lake ndiyo inayomfukuza rafiki yangu mpaka Fumba, na sina uso wa kumwambia arudi.

Fumba nako nimekwenda, msinione namhukumu mtu kwa mbali. Pazuri, pana upepo, hakuna aliyenitazama mikono nikiingia. Mlinzi aliandika jina langu kwenye daftari, namba ya gari na saa niliyofika. Nikamwambia rafiki yangu kwamba bibi wa ghorofa ya nne kapata kazi ya kulipwa. Hakucheka. Baadaye, tukinywa chai, akaniuliza kama ni kweli yule jirani yake wa zamani wa Michenzani kaachika, na kisa nini.

Michenzani kwenyewe, mdogo wake yule msichana naye kaajiriwa hotelini mwaka huu, zamu ya usiku. Nilikuwa kwa mama yao siku alipokuja kuaga anakwenda kazini. Kafika chini, karudi, kapanda mpaka ghorofa ya nne, kagonga.

"Shikamoo bibi. Leo naja na gari nyeupe, saa sita. Dereva ni yule mzee wa Mkwajuni."

"Marahaba. Isipofika saa sita na nusu nampigia mama yako," akajibu bibi, na kichwa hakuinua.